Maji vuguvugu, TUKUZA inakwisha mbio, na fundi anataka kujaza gesi: jibu kwa dada wa Jambiani mwenye hita ya hiti pampu

Wa alaykum salaam dadaangu, suali lako nimelifahamu. Una nyumba ya wageni Jambiani, vyumba vitatu, umefunga hita ya hiti pampu ya lita 200 kwenye kistoo cha chini ya ngazi, miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu, sasa maji yanatoka vuguvugu jioni, umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla wa hapa kwetu Zanzibar, unakwisha mbio kuliko zamani, chini ya mashine maji yanadondoka kila siku, na fundi wa AC aliyekuja kakwambia gesi imekwisha anataka pesa za kujaza, unauliza umpe au usimpe.

Usimpe. Bado. Gesi ya hii mashine haiishi kwa kutumika, haichomwi wala hainywewi, inazunguka humo humo ndani ya mabomba ya shaba tokea siku iliyotoka kiwandani mpaka siku mashine inakufa, kwa hiyo ikiwa kweli imepungua basi pana tundu, na fundi anayetaka kujaza bila ya kulitafuta tundu atarudi tena baada ya miezi miwili kuchukua pesa nyengine. Na mara nyingi sana gesi haina hata tatizo, tatizo ni upepo, umeme au maji yenyewe. Hayo matatu utayatizama weye mwenyewe kwanza, na mengi hayataki hata bisibisi.

Ufahamu kwanza inavofanya kazi maana mengine yote yanatoka hapo. Hii mashine ni friji iliyogeuzwa: friji inatoa joto ndani ya kabati inalitupa nyuma, hii inachukua joto la hewa ya pale ilipo inalitia kwenye maji. Feni inavuta hewa inaipitisha kwenye koili, gesi ndani ya koili inalichukua lile joto, kompresa inaikandamiza gesi mpaka inakuwa ya moto khasa, halafu inalizunguka tangi na kuyapa maji joto lake. Ndo maana hewa inayotoka huwa baridi. Lita 200 za maji kutoka nyuzi 27 mpaka nyuzi 55 zinataka joto la yuniti 6 na nusu, hapo hakuna ujanja, na hita ya kawaida ya elementi, ule waya unaopata moto kwa umeme, itakula yuniti 6 na nusu hizo hizo kwenye mita yako. Hiti pampu iliyo nzima, kwa joto la hewa ya kwetu, itakula kama 2 tu, zilobaki inazichukua bure kwenye hewa. Sasa ukiinyima hewa umeinyima ile ya bure, na wewe umeiweka chini ya ngazi.

Hapo kwenye kistoo ndo nnapokutilia shaka zaidi kuliko pahala pengine popote. Watengenezaji wengi wanataka chumba kisichopungua mita za ujazo 20 hivi, au kama ni kidogo basi kiwe na mlango wa luva, yaani wenye mianya ya kupitisha hewa, au hewa iletwe kwa dakti, bomba pana la hewa, kutoka nje. Kistoo chako ukipiga hesabu, mita moja na nusu kwa mbili kwa urefu wa mtu na kitu, hakifiki hata nusu. Mashine inatoa hewa baridi, hewa baridi haina pa kwendea, inaivuta tena ile ile, inaipoza zaidi, mpaka inafika pahala inavuta hewa haina joto la kutoa, inazunguka saa nzima maji hayapandi, halafu kompyuta yake inaona mambo yanachelewa inawasha elementi isaidie, na TUKUZA ndo inalia hapo. Miezi ya mwanzo ilikuwa sawa labda kwa sababu mlango ulikuwa unaachwa wazi au kistoo kilikuwa kitupu, sasa umejaza mashuka, makreti ya maji na viti vya ufukweni. Kitoe kila kitu leo, uache mlango wazi siku mbili, utizame tofauti. Ikipona kwa hilo tu basi mwite fundi seremala abadilishe mlango utie wa luva juu na chini, dawa yako ndo hiyo.

Tena ufungue filta. Iko pale hewa inapoingia, inachomoka kwa mkono. Kwa mchanga wa Jambiani na uzi uzi wa mashuka na mataulo inaziba upesi, ioshe kwa maji ya kawaida, ikauke kivulini, irudishe. Kila mwezi ufanye hivo, si kila mwaka kama kinavosema kitabu, kile kitabu hakikuandikwa na mtu anayekaa pwani ya mashariki. Nyuma ya filta utaona koili yenye vibati vyembamba vilivyopangwa, hivo ndo chumvi ya bahari inapenda kuvila. Kusi linapovuma, kutoka Aprili mpaka Septemba huko, Jambiani, Paje, Bwejuu na Makunduchi zinapigwa moja kwa moja usoni, na upepo unakuja na chumvi ndani yake. Ukiona vibati vina unga mweupe au vinameguka ukivigusa, kutu limeshaanza. Zima breka, chukua chupa ya kupulizia yenye maji yasiyo na chumvi, maji ya mvua yanafaa khasa, uoshe polepole kutoka juu kwenda chini. Usitumie mashine ya kuoshea magari, utavilaza vile vibati vyote, na usitie siki wala dawa ya kusafishia choo, aluminiamu haistahamili asidi. Na ikiwa dirisha la kistoo limeelekea baharini, hewa ivutwe upande wa pili wa nyumba.

Ukishamaliza hapo fanya kipimo kimoja ambacho kitakwambia mengi. Chukua kipimajoto chochote, hata cha jikoni. Washa mashine iende dakika 20, pima hewa inayoingia, halafu pima hewa inayotoka. Ikiwa inayotoka ni baridi zaidi kwa nyuzi 5 mpaka 10 hivi na upepo una nguvu, basi kompresa inafanya kazi na gesi imo, yule fundi wa gesi mshukuru umuage, tatizo lako liko kwenye matumizi au kwenye bomba. Ikiwa hewa ni baridi lakini upepo dhaifu, rudi kwenye filta, koili na feni. Ikiwa upepo una nguvu lakini hewa inatoka na joto lile lile iloingia nalo, hapo ndo kompresa haikuwaka au gesi imepungua kweli, na sasa una haki ya kumwita fundi. Pima na hewa ya nje ya kistoo pia, maana ikiwa nje nyuzi 31 na ndani ya kistoo 19, jibu umeshalipata bila ya fundi yeyote.

Sasa TUKUZA. Tizama kwanza kwenye kioo cha mashine imewekwa hali gani. Karibu zote zina hali ya kuokoa umeme ambayo inatumia kompresa peke yake, hali ya mchanganyiko, na hali ya elementi peke yake au ile ya kupasha haraka. Kwenye nyumba za wageni hii ndo inaleta maafa, mgeni kalalamika maji baridi, kijana wa kazi kabonyeza kitufe cha haraka, maji yamekuja moto, kila mtu kafurahi, na tokea siku hiyo hakuna aliyeirudisha. Rudisha kwenye kuokoa umeme, na kama ina kufuli ya vitufe uifunge.

Kuhakikisha kama elementi inawaka kimya kimya, zima kila kitu ndani ya nyumba, friji na mota ya maji pia, ubakishe hita tu, halafu nenda kwenye mita utizame kile kitaa chekundu kinachopepesa. Pembeni yake pameandikwa namba, tuseme 1000 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara 1000 umekula yuniti moja. Kompresa ya lita 200 huwa inakula kama wati 500 hivi, kwa hiyo kitaa kitapepesa kila baada ya sekunde 7. Kikipepesa kila sekunde 2 au chini yake basi ni wati 2000 na kitu, ni elementi hiyo. Na ukiona elementi inawaka wakati hali uloweka ni ya kuokoa umeme, fahamu mashine yenyewe imeshakata tamaa na kompresa, kuna hitilafu imeiona, mara nyingi itakuwa imeandika kodi, yaani alama ya hitilafu, kwenye kioo. Kodi hizo kila kampuni ina zake, E3 ya hii si E3 ya ile, kwa hiyo usikubali mtu akusomee kodi kwa kichwa. Ipige picha kabla ya kuzima, kwa sababu ukizima na kuwasha mara nyengine inafutika, na ile picha ndo itakayomsaidia fundi.

Umeme wetu nao unajulikana, unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Jambiani wewe uko mwisho mwisho wa laini. Jioni hoteli zote zikiwasha AC, volti zinashuka. Mashine imetengenezewa 230, kompresa ikitaka kuwaka kwenye volti 180 inavuta ampia nyingi, inanguruma, overlodi, swichi yake ya kinga, inakata, inasubiri, inajaribu tena, na kila jaribio linaichoma kidogo mpaka siku inakufa kabisa. Ukisikia inanguruma sekunde chache halafu taki inakata, pima volti saa moja usiku kabla ya kuhukumu kompresa, na kama volti ni nzuri basi mwambie fundi apime kapasita, ni kidude cha kuisaidia kompresa kuwaka, cha bei ndogo na kinaharibika mara nyingi kuliko kompresa yenyewe. Usikiguse weye, kapasita inahifadhi umeme hata breka ikiwa imezimwa. Funga gadi ya volti, lakini si ile ndogo ya friji, elementi ya wati 2000 inavuta karibu ampia 9 kwa hiyo tafuta ya ampia 16 au zaidi. Umeme ukirudi baada ya kukatika mashine itakaa kimya kama dakika 3 mpaka 5 ndo iwake, hiyo ni kinga yake, si ubovu, usianze kuzima na kuwasha. Na hakikisha waya wa athi upo kweli umeingia ardhini, kwenye mchanga na jiwe la matumbawe athi inataka kazi, na kuna nyumba nyingi tu ile waya ya kijani imekatwa ikaachwa ndani ya ukuta. Maji na umeme pamoja kwenye nyumba wanamolala watu, dadaangu, hili usilifanyie tamaa ya pesa.

Haya, maji yanayodondoka chini. Hewa ya kwetu ina unyevu mwingi mno, ikigusana na koili baridi unyevu unageuka maji, lita kadhaa kwa siku, zaidi wakati wa masika. Hayo yanatakiwa yapite kwenye kijibomba kidogo cha plastiki yatoke nje. Kijibomba kikiziba kwa utando au sisimizi wakajenga humo, maji yanafurika kwenye trei na kudondoka. Zima mashine usiku mmoja, ikiacha kudondoka basi huenda ni hayo, kipulize kijibomba, kisafishe kwa maji ya vuguvugu, uhakikishe kina mteremko na mwisho wake haukuzama kwenye ndoo wala mchangani. Isipoacha, tatizo ni zito zaidi kidogo, ama tangi linavuja ama ni ile valvu ya usalama.

Hiyo valvu inataka maneno yake peke yake. Maji yakipata moto yanatanuka, lita 200 zikitoka nyuzi 27 kufika 55 zinaongezeka kama lita 2, na kama kwenye bomba la kuingilia kuna valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, zile lita 2 zinatokea kwenye valvu ya usalama, kwa hiyo kudondoka kidogo wakati inapasha ni kawaida yake. Lakini kuna mafundi wakiona inadondoka wanaipiga plagi. Wallahi hili linanitia khofu kuliko yote nnayokwambia hapa. Ile valvu ndo inayozuia tangi lisipasuke siku thamostati itakapokwama, tangi likipasuka kwa maji yaliyopita nyuzi 100 ukuta wa tofali hausimami. Tizama yako leo hii. Ikiwa imepigwa plagi, zima breka sasa hivi, usiwashe mpaka imetolewa. Kama inamwaga maji mengi mfululizo hata mashine ikiwa imepoa, ibadilishwe, au shinikizo la mota ya maji ni kubwa mno lipunguzwe.

Tuje kwenye vuguvugu la jioni, maana inawezekana mashine nzima na maji yasitoshe tu. Mgeni akioga dakika 8 kwenye shawa ya lita 8 kwa dakika ametumia lita 64, kwa maji ya nyuzi 40 karibu nusu yake, kama lita 30, inatoka kwenye hita. Tangi la lita 200 halikupi 200 zote za moto, yakitoka ya moto juu yanaingia baridi chini, tuseme 150 zinafaa. Hizo ni watu 5. Wewe una wageni 6, wote wanarudi pwani jua linapotua, wote wanataka kutoa chumvi wakati mmoja, na mashine inarudisha kama lita 50 tu kwa saa. Kwa hiyo mtu wa sita atapata vuguvugu hata ukitia gesi ya dunia nzima. Weka taima mashine ianze saa sita mchana, hewa ina joto zaidi wakati huo na inakula umeme kidogo, saa kumi na moja tangi limejaa moto. Badilisha vichwa vya shawa utie vinavotoa lita 6. Hayo mawili tu huenda yakakumalizia malalamiko.

Na kuna kitu watu hawakijui kabisa, maji baridi kuvuka kuingia kwenye bomba la moto. Zima breka ya hita, funga valvu ya maji baridi yanayoingia kwenye hita, halafu fungua mfereji wa maji ya moto bafuni. Maji yanatakiwa yakatike baada ya muda mdogo. Yakiendelea kutoka, ujue pana mahala baridi inapita upande wa moto, na mara nyingi ni kile kishawa kidogo cha chooni cha kujisafishia ambacho kimeungwa kwenye miksa: mgeni kaacha miksa wazi kabana kichwa tu, basi humo ndani baridi na moto vinachanganyika saa 24. Kipitie kimoja kimoja ufunge miksa mpaka uone chumba gani.

Joto lenyewe liweke 55, na mara moja kwa wiki lipande 60, mashine nyingi zina hali ya kufanya hivo zenyewe. Najua wengine wanaweka 42 ili kuokoa umeme, usifanye, bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanapenda maji ya vuguvugu yaliyolala na nyumba ya wageni mara nyingine inakaa wiki nzima bila mtu. Ila 60 inaunguza mtoto ndani ya sekunde chache, kwa hiyo tia valvu ya kuchanganya kwenye bomba la kutokea.

Kisima chako hukunitajia, lakini visima vya Jambiani viko kwenye jiwe la matumbawe karibu na bahari, maji yana chokaa na chumvi. Ndani ya tangi kuna fimbo ya madini ya magnesi ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi, kwa maji kama yako inakwisha mapema sana kuliko bara, mwambie fundi bomba aifungue sasa hivi, ikibaki waya tupu ibadilishwe. Ikisahauliwa tangi litatoboka na tangi halizibiki. Siku hiyo hiyo amwage maji ya chini ya tangi mpaka yatoke safi, utashangaa na mchanga utakaotoka. Kama maji ya moto peke yake yananuka yai viza, tia fimbo ya aluminiamu na zinki.

Sasa umefanya yote hayo na bado hewa inatoka na joto lile lile, kompresa inasikika inaenda, volti nzuri. Hapo gesi inawezekana. Tizama koili: kipande kidogo cha mwanzo kina barafu au jasho na kilobaki kikavu cha joto, hiyo ni dalili ya gesi kupungua, na alama ya mafuta mafuta kwenye maungio ya shaba ndo pahala pa tundu. Fundi utakayempa kazi muulize mambo haya kabla hajafungua begi: atalitafuta vipi tundu, ana pampu ya vakyumu ya kunyonya hewa kwenye mabomba, ana mizani. Gesi inatiwa kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibao cha mashine, haitiwi kwa kukisia kama ya AC za mtaani. Akuoneshe pia kwenye kibao ni gesi gani. Ikiwa R134a, sawa. Ikiwa R290 basi hiyo ni propani, inawaka moto, asikaribie na tochi ya kulehemu ndani ya kistoo kilichofungwa, na asichanganye na gesi nyengine alobaki nayo kwenye mtungi. Asiyekuwa na mizani mwache aende zake, na umpigie aliyekuuzia mashine umuulize garantii, wengi wanaipa kompresa na tangi muda mrefu kuliko vitu vyengine, ila wanataka risiti na wanataka kuona hakuna mtu mwengine aliyegusa mabomba ya gesi kabla yao.